Plunge: kutumbukia, kujitosa au kuporomoka?

Swali: "Natafsiri makala kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na neno 'plunge' linanisumbua. Kamusi yangu inasema 'tumbukia. Piga mbizi', basi. Lakini ndani ya muda mfupi nimelikuta kwenye bei za hisa, kwenye maelekezo ya bomba la sindano, kwenye maelezo ya gauni, kwenye ripoti ya miamba, na kwenye habari ya watu wawili waliooana. Je, ni neno moja au ni maneno matano yanayofanana tahajia? Na linatofautianaje na 'plummet'?"

Jibu: Ni neno moja. Kamusi yako haijakosea, imeishia njiani tu.

Plunge hubeba mambo matatu kwa pamoja. Kitu kinakwenda chini, au mbele na chini. Kinakwenda ghafla na kwa kasi. Tena kinaingia, iwe majini, shimoni, au katika hali ambayo hakikuwamo. Hilo la tatu ndilo watafsiri wengi hulisahau, na ndilo linalotenganisha plunge na maneno mengine ya kushuka. Zipo sentensi ambamo jambo mojawapo limefifia, na hapo ndipo kamusi ya maneno mawili inapokuacha peke yako.

Asili ya neno inaeleza mengi. Kiingereza kililichukua katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, plongier, na wanaisimu wanalirudisha nyuma hadi Kilatini plumbum, yaani risasi, ile metali na si ya bunduki. Kinachounganisha metali na mwendo ni baharia na bildi yake, yaani chombo cha kupimia kina cha maji. Bildi ya mkono ilikuwa kipande cha risasi cha kilo 3 hadi 6 hivi, kimefungwa kwenye kamba yenye alama za pima, kila pima ikiwa futi 6 au karibu mita 1.8. Kitako chake kilikuwa na kishimo kilichojazwa mafuta mgando ili kinase mchanga au tope, nahodha ajue sakafu ya bahari ikoje hapo alipo. Risasi ni nzito zaidi ya mara 11 kuliko maji ya ujazo uleule. Ukiiachia haielei wala haisiti, inakwenda moja kwa moja hadi chini. Kule kutupa bildi ndiko kulikozaa kitenzi.

Ukoo huo ni mkubwa. Plumber, fundi bomba, ni mfua risasi wa zamani, kwa kuwa mabomba mengi ya Warumi yalikuwa ya risasi. Plumb line ni uzi wa timazi, ule wa mwashi wa kupimia wima. Plummet mwanzoni ilikuwa timazi yenyewe au chubwi. Alama ya kikemia ya risasi, Pb, ni herufi mbili za plumbum. Neno "plump" kwa maana ya kujibwaga linafanana nalo sikioni lakini si ndugu: limetoka lugha za Kijerumani cha pwani, na huenda ni mwigo wa mlio tu.

Kiswahili nacho kina neno lililofika hapohapo bila kupitia Roma. Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi wa kuvulia ili uzame. Na chubwi ni mlio wa kitu kizito kinachoingia majini. Metali na mwendo katika neno moja. Ukitaka kuipima sentensi ya Kiingereza, jiulize kama ungeweza kuweka "chubwi!" mwishoni. Ikikubali, uko kwenye kiini cha plunge. Ikikataa, uko kwenye maana zilizotanuka, na huko tumbukia haitakusaidia sana.

Sasa ugumu wenyewe. "She plunged into the river" haisemi kama mwanamke huyo alitaka au hakutaka. Msomaji wa Kiingereza husubiri sentensi inayofuata bila wasiwasi. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Alijitosa mtoni ni mtu aliyeamua. Alitumbukia mtoni ni mtu aliyeteleza au aliyepotewa na hatua. Alitoswa mtoni, kuna mkono wa mwingine. Lazima uchague kabla ya kuandika kitenzi, kwa hiyo soma mistari miwili mitatu mbele kwanza. Chukua sentensi kama "The rescuer plunged into the water after the child." Ukiandika "Mwokoaji alitumbukia majini kumfuata mtoto", msomaji atadhani sasa wapo wawili wanaohitaji kuokolewa.

Piga mbizi nayo ni jambo jingine. Mbizi ni kwenda chini ya maji na kubaki huko kwa muda, pumzi imebanwa. Plunge haiahidi kwamba mtu atabaki chini. Inaahidi kule kuingia kwa kishindo. Piga mbizi inalingana zaidi na "dive", na hata hapo ni pale tu dive inapohusu kwenda chini ya maji. Kuzamia ni neno zuri, ila kumbuka kwamba mzamiaji ni pia yule anayejificha melini kwenda nchi za watu bila hati. Muktadha usipokaza, sentensi yako itasomwa vibaya. Na kama kinachosisitizwa ni kuruka kutoka juu, ukingoni au ngazini, lipo neno kuchupa, ambalo watu hulisahau bure.

Tumbukia lina faida ambayo wengi hawaitumii: "into" imo tayari tumboni mwake. Alitumbukia kisimani, alitumbukia shimoni, alitumbukia mtegoni. Kuandika "alitumbukia ndani ya kisima" si kosa la sarufi, lakini Kiingereza kinachungulia hapo. Kwa upande mwingine, pasipo na kitu cha kuingia, tumbukia haifai. "The climber plunged 40 metres" haina into: mpandaji aliporomoka mita 40. "The bus plunged off the bridge into the river" ina hatua mbili, nazo Kiswahili huzitenga: basi liliacha njia darajani likatumbukia mtoni. Ama "plunged to his death", tafadhali usiandike "alitumbukia kwenye kifo chake". Aliporomoka akafa. Kitenzi kimoja cha kushuka, kimoja cha kufa, na sentensi imekamilika.

Plunge huchukua pia shamirisho, nako kunahitaji uangalifu. Katika upishi, "plunge the vegetables into iced water" haimaanishi kuchovya. Anayechovya hushika kitu, hukigusisha au kukizamisha kidogo, kisha hukitoa. Ndiyo maana wahenga wakasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayetumbukiza huachia, na kitu chote huingia. Mboga zilizochemshwa hutumbukizwa kwenye maji ya barafu ili ziache kuiva papo hapo na zibaki na rangi yake. Ukiwaambia wasomaji wazichovye, katikati zitaendelea kuiva na matokeo hayatakuwa yale ya kitabu. Lakini palipotajwa muda, kwa mfano "plunge for 30 seconds", tumia zamisha: zizamishe kwa sekunde 30, kisha zitoe. Tumbukiza peke yake haisemi lolote kuhusu kutoa. Kisu nacho kina vitenzi vyake. "He plunged the knife into the sack" ni alikididimiza kisu guniani. Kwa mwili wa mtu, alimchoma kisu inatosha mara nyingi, na alimdidimizia kisu inaongeza kile kina ambacho plunge inakitaka.

Hapohapo kuna jambo linalovutia kuhusu hali. Kiingereza husema vita, madeni, giza na kimya vyote "plunge" mtu au mji ndani yake. Kiswahili hugawanya. Vita, umaskini na madeni ni mashimo, mtu hutumbukia humo: maamuzi hayo yaliitumbukiza nchi vitani, familia ilitumbukia kwenye madeni, na muda ukipita ikatopea humo. Giza na kimya si mashimo bali ni vifuniko. Mji hautumbukii gizani. Giza huugubika mji. "The power cut plunged the town into darkness" huwa: umeme ulikatika, mji mzima ukagubikwa na giza. "The room was plunged into silence" huwa: kimya kikatanda chumbani. Ukilijua hilo, nusu ya sentensi zinazonusa tafsiri zitaondoka zenyewe.

Na mahali pengine hakuna kushuka kabisa. "She plunged into the crowd" ni kuingia kwa nguvu bila kusita: alijitoma kwenye umati. "He plunged into his work" ni alijitosa kazini. Alizama kazini ni hatua ya baadaye, ambayo Kiingereza kingeiita "immersed". Plunge ni mlango, na kuzama ni kukaa ndani. Tahadhari ndogo: tusilichanganye hili na msemo wetu wa kutumbukia nyongo. Mipango iliyotumbukia nyongo imeharibika, wala haihusiani na kasi au kina.

Sasa bei na takwimu, kwa kuwa huko ndiko plunge inakotumika kupita kiasi. Kitenzi kinachofaa ni kuporomoka. Hisa ziliporomoka, bei ziliporomoka, sarafu iliporomoka. Kina picha ya kitu kilichokuwa juu na sasa kinashuka kwa wingi na kwa kasi, ndiyo maana maji yanayodondoka kutoka kwenye genge tunayaita maporomoko. Makosa makubwa hapa si ya kitenzi bali ya viunganishi vinavyokifuata.

"Plunged by 30 per cent" na "plunged to 30 per cent" zinatofautiana sana. By ni kwa, to ni hadi. Kitu cha 100 kikishuka kwa asilimia 30, kimebaki 70. Kikishuka hadi 30, kimepoteza 70. Kiingereza cha habari hupenda kuacha by kabisa, "shares plunged 12 per cent", nawe unapaswa kuirudisha: ziliporomoka kwa asilimia 12. Mfano halisi ni Oktoba 19, 1987, siku ambayo kipimo cha hisa cha Dow Jones nchini Marekani kiliporomoka kwa pointi 508 hadi 1,738.74, sawa na asilimia 22.6 hivi kwa siku moja. Kwa na hadi ziko katika sentensi hiyohiyo. Ukizibadilishana, takwimu zote zinakuwa uongo.

Mtego mwingine ni viwango ambavyo tayari ni asilimia. Riba ikitoka asilimia 10 hadi asilimia 8, imeshuka kwa pointi 2 za asilimia, lakini imeshuka kwa asilimia 20 ya ilivyokuwa. Mwandishi wa Kiingereza akiandika "2 percentage points" nawe ukaandika "asilimia 2", umempa msomaji habari nyingine. Na bei ikishuka chini ya sifuri, acha hesabu za asilimia kabisa, taja mwanzo na mwisho. Aprili 20, 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani ya aina ya WTI, katika mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei, ilifunga ikiwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Aliyekuwa na mkataba alikuwa tayari kulipa ili mtu amwondolee mzigo. Hapo "iliporomoka hadi chini ya sifuri" ndiyo tafsiri salama.

Tena, usiamini kila plunge ya kichwa cha habari. Vichwa vya habari vya Kiingereza hupenda maneno mafupi yenye kishindo, na plunge ina silabi moja tu. Tazama takwimu kwanza. Kama ndani ya habari imeandikwa kwamba bei imeshuka kwa asilimia 2 na ni bidhaa ambayo hupanda na kushuka kiasi hicho kila siku, andika imeshuka. Kuporomoka kubakie kwa mambo yaliyoporomoka. Wapo watafsiri wanaoona huko ni kumsaliti mwandishi. Kwa maoni yangu mtafsiri wa habari anawajibika kwa ukweli wa tukio kabla ya mapambo ya kichwa.

Joto lina namna yake. "Temperatures plunged to minus 10" inaweza kuwa joto liliporomoka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, nayo inaeleweka. Lakini pasipo na tarakimu, Kiswahili hugeuza kamera: baridi ilikaza ghafla.

Tuje kwa plummet na majirani wengine. Plummet na plunge zote zimezaliwa na risasi, lakini plummet kama kitenzi cha kuanguka ni changa: maana hiyo ilianza kuonekana katika miaka ya 1930. Plummet ni ya wima na haina utashi. Jiwe, ndege iliyozimika injini na bei vinaweza kuplummet; mtu anayejitosa bwawani kwa raha zake hawezi. Haichukui shamirisho, hivyo huwezi "to plummet a knife". Nomino yake bado ni timazi au chubwi, kwa hiyo "a plunge in prices" ni sawa lakini "a plummet in prices" haikubaliki kwa wahariri wengi. Wala haihitaji kuingia popote: inatazama mwanguko wenyewe, wakati plunge inatazama pia mwisho wa safari. Katika takwimu tofauti hii hufutika, na zote mbili ni kuporomoka.

Slump inachanganya zaidi, kwa sababu mtu huiona karibu na plunge katika aya ileile. Plunge ni tukio, slump ni tukio linaloendelea kulala pale lilipoangukia. Uchumi ulioslump umedorora, na nomino yake, mdororo, ni mojawapo ya tafsiri zilizokaa barabara. Mwandishi akisema "the plunge turned into a slump", anamaanisha mporomoko uligeuka mdororo: soko lilianguka, kisha halikuinuka. Dip ni kinyume, kushuka kidogo kunakotarajiwa kurudi. Tumble ina kubingirika, drop na fall hazina rangi, crash ina kuvunjika. Swoop ni ya mwewe: hushuka kwa mpindo, akanyakua, akapaa tena. Ukiitafsiri kwa kushuka tu bila kunyakua umeacha nusu yake. Ndiyo maana msako wa ghafla wa polisi huitwa swoop na si plunge. Katika "in one fell swoop", neno fell halina uhusiano na kuanguka. Ni neno la kale lenye maana ya katili, na msemo mzima leo ni kwa mpigo mmoja.

Habari ya watu wawili waliooana ilitumia bila shaka "take the plunge". Msemo huu unatoka kwa mtu aliyesimama ukingoni mwa maji baridi, akapima, akasita, kisha akajitosa. Kusita ndiko kiini. Ukiandika wamefunga pingu za maisha, ndoa umeisema lakini kusita umekufuta. Afadhali hatimaye wameamua kuoana, ambapo hatimaye na wameamua ndivyo vinavyobeba ule ukingo wa maji. Kwa biashara au siasa, kujitosa linatosha: amejitosa kwenye siasa, na ukitaka kukoleza, amejitosa kimasomaso. Wengine huleta methali ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni nzuri lakini si yenyewe. Methali inamsemesha aliyekwisha kuvua nguo na sasa hana pa kurudi. Take the plunge inamzungumzia ambaye bado angeweza kurudi na hakurudi. Maana kongwe kidogo ya jirani yake ni "plunger" wa karne ya 19, mcheza kamari wa mbio za farasi aliyeweka fedha nyingi kwa mkupuo bila kuhesabu. Ukikutana naye katika riwaya ya wakati huo, usimfanye mpiga mbizi.

Hiyo inatuleta kwenye plunger ya vyombo, na hapa kosa linaweza kuwa na madhara. Katika bomba la sindano, plunger ni ule mti wa ndani unaosukumwa kwa kidole gumba, wenye mpira nchani. "Press the plunger slowly" ni sukuma mti wa bomba polepole, au pistoni, mradi ueleze mara moja ni sehemu gani na usibadilishe jina katikati ya maelekezo. Usiandike "bonyeza": kubonyeza ni kwa kitufe, hufanyika mara moja, na dawa nyingi zinatakiwa kuingia taratibu.

Plunger ya choo ni mpira wenye mpini wa kuzibulia. Maelekezo yake ya Kiingereza mara nyingi husema tu "plunge 10 to 15 times", na mtafsiri akiandika "tumbukiza mara 10 hadi 15" anachekesha. Kinachotakiwa ni kusukuma na kuvuta, mpini ukiwa wima, bila mpira kuachana na tundu. Maji lazima yaufunike mpira, kwa kuwa hewa hubanika na nguvu ya mkono hupotea humo, ilhali maji hayabanwi kirahisi. Kuvuta kuna kazi sawa na kusukuma: kunalegeza kilichoziba kwa kukirudisha kilikotoka. Aina yenye mdomo wa bapa ni ya sinki. Yenye shingo ya ziada inayochomoza chini ni ya choo, nayo huziba vizuri lile tundu la mviringo. Sinki lenye tundu la pili la kufurikia linapaswa kuzibwa tundu hilo kwa kitambaa kwanza, la sivyo mgandamizo wote unatokea huko.

Katika mashine, jihadhari zaidi. Pampu ya pistoni na pampu ya plunger si kitu kimoja. Kwenye pampu ya pistoni, sili, yaani kizuia uvujaji, imevishwa pistoni na inasafiri nayo ndani ya silinda. Kwenye pampu ya plunger, sili imekaa palepale kwenye mwili wa pampu, na mti laini unapita ndani yake kwenda na kurudi. Mpangilio huo wa pili ndio unaostahimili migandamizo mikubwa, ndiyo maana huonekana kwenye mashine za kuoshea kwa maji ya kasi. Ukiandika pistoni kote kote, fundi anayetafuta sili iliyochakaa ataitafuta pasipo. Tohoa, andika planja, eleza mara moja, endelea.

Gauni ni jepesi. "A plunging neckline" ni shingo iliyokatwa kushuka sana kifuani, kwa kawaida kwa umbo la V. Hakuna kinachosogea, na hilo ni funzo la matumizi mengi mengine. Kiingereza hutumia vitenzi vya mwendo kueleza umbo la kitu kilichotulia: "the cliff plunges to the sea", "the path plunges into the valley". Kiswahili hulieleza umbo kwa -me-, hali iliyokwisha kukaa: jabali limeshuka wima hadi baharini. Ukiandika "jabali linatumbukia baharini", wasomaji watakimbia. Njia inayopitiwa na watu huvumilia -na-: kinjia kinateremka ghafla bondeni, kwa kuwa msomaji anasogea nacho.

Imebaki ripoti ya miamba. Wanajiolojia hutumia "dip" kwa mwinamo wa tabaka, yaani wa uso ulio bapa, na "plunge" kwa mstari, kwa mfano mhimili wa mkunjo wa miamba. Plunge hupimwa katika wima uliopita kwenye mstari huo, kuanzia usawa: nyuzi 0 ni mstari uliolala, nyuzi 90 ni uliosimama wima. Huambatana na uelekeo, hivyo "the fold axis plunges 25 degrees towards 140" ni mhimili wa mkunjo unazama kwa nyuzi 25 kuelekea nyuzi 140, zikihesabiwa kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa, yaani upande wa kusini-mashariki. Ukitumia mwinamo kwa dip na kwa plunge, jedwali la vipimo halitasomeka, kwani tabaka moja linaweza kuwa na mwinamo wa nyuzi 60 huku mstari ulio juu yake ukizama kwa nyuzi 25 tu. Mwachie dip mwinamo, plunge ichukue mzamo, na iandike fasili yake kwenye ukurasa wa kwanza inapotokea. Ripoti hiyohiyo ikitaja "plunge pool", ni kidimbwi kilichochimbwa na maji na mawe chini ya maporomoko. Na "plunging breaker" ni wimbi ambalo kilele chake hujikunja mbele na kuanguka kwa mkupuo, likifunika hewa ndani. Hutokea pale sakafu ya ufuko inapopanda kwa mteremko mkali kiasi. Penye ufuko wa mteremko mdogo, wimbi humwagika povu taratibu na jina lake ni jingine.